Sanduku la Mheshimiwa

Shati likishapita mikononi mwa Mama Pasi si shati tena, ni cheti cha tabia njema. Kuna wanaume mtaani kwake ambao heshima yao yote ilitoka kwenye meza yake, na walipovua shati jioni hakikubaki kitu cha kuheshimu. Mwenyewe alilijua hilo wala hakulisema. Alicheka kwa pua, akanyunyiza maji kwa vidole, akakandamiza kola mpaka mvuke ukapanda, na mtu mzima mwenye mikunjo yake ya moyoni akatoka mlangoni amenyooka kama anakwenda kuapishwa.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini kabisa ya jengo la ghorofa ambalo rangi yake ilikwisha kukata tamaa. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyovikwa blanketi na shuka kuukuu, pasi mbili nzito, kamba zilizokatiza kutoka ukuta hadi ukuta, na harufu ya wanga na pamba ya moto. Chini ya meza, pale sakafu ilipokuwa na ubaridi, alilala Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa mbwa. Jina alipewa na kinyozi wa chumba cha jirani, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kuchukua likizo.

"Analala kutwa," kinyozi aliwaeleza wateja wake, wembe ukiwa shingoni mwao ili wasibishe. "Anaamka chakula kikija. Anabweka mwizi akishaondoka. Na ukiuliza nani alimchagua, kila mtu anasema si yeye. Sasa huyo mnataka aitwe nani?"

Mbwa mwenyewe alikuwa mkubwa, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, mkia wake una kona kama bomba la sinki, na masikio yake yalisimama wima muda wote kama mtu anayesubiri habari mbaya. Masikio hayo tuyaweke akilini, yatatusumbua mbele ya safari.

Habari mbaya zenyewe alikwisha kuzipata. Mbwa huyu alikuwa wa familia moja ya ghorofa ya pili, watu wazuri, wasomi, waliompiga picha siku ya kuzaliwa kwake na kumnunulia kitanda kizuri kuliko cha mlinzi. Siku walipohamia nchi ya mbali, likaja lori likabeba makochi, likabeba jokofu, likabeba hata maua ya plastiki. Mbwa akafungwa getini na sufuria ya wali pembeni yake. "Tutamtumia mtu aje kumchukua," baba mwenye nyumba alimwambia mlinzi akiwa ameshaketi kwenye gari. Gari likaondoka. Mtu huyo anatumwa mpaka leo.

Mbwa akakaa akitazama barabara. Wali ukaisha, mvua ikanyesha, mlinzi akapokewa zamu na mwenzake. Mbwa hakupokewa na mtu. Kila gari lilipopunguza mwendo alisimama, na lilipopita akaketi. Mama Pasi alikuwa akimwona dirishani huku anapiga pasi, na alijiambia hayamhusu. Alijiambia hivyo mpaka siku aliponusa moshi. Alitazama chini akakuta ameunguza shuka la mteja, pasi imechora umbo lake katikati, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu aanze kazi. Akaizima pasi, akatoka nje, akafungua ile kamba.

"Haya, twende," alimwambia mbwa. "Hao hawarudi."

Mteja akapata shuka jipya. Lile lililoungua likawa tandiko la Mheshimiwa.

Msije mkadhani Mama Pasi alikuwa mtu wa kubusu mbwa. Wala. Hakumvisha sweta wala kumwita mtoto. Alimpeleka kwenye chanjo, akampa dawa ya minyoo, akampiga brashi uani kila asubuhi ili unywele mmoja usithubutu kutua kwenye suruali ya mtu, na basi. Kila mmoja alimwacha mwenzake na mambo yake. Ndoa nyingi pale kwenye jengo hazikufika hapo.

Kisha ikaja simu. Binti yake wa pekee alikuwa muuguzi katika nchi nyingine, ameolewa huko, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza.

"Mama, njoo," alisema. "Na sisemi uje kutembea. Uhamie. Funga hicho chumba, umewanyoosha wanaume wa watu vya kutosha. Nataka nikijifungua uwe hapa."

Mama Pasi alilia kidogo, akacheka kidogo, akajifuta kwa shati la mteja, akalazimika kulifua upya. Halafu akauliza, "Na Mheshimiwa?"

Upande wa pili ukaja mguno, ule mguno mrefu unaokula salio.

"Mama, yule ni mbwa."

"Najua ni mbwa. Nimekuuliza anakuja vipi, sijakuuliza ni mnyama gani."

Ushauri ukaanza kumiminika, maana ushauri ni kitu ambacho mtaa ule haukuwahi kupungukiwa. Mwenye duka alisema mbwa hajui nchi wala mpaka, popote ni kwao. Kinyozi alikuwa na mpango kamili. "Mama Pasi, unampakia kwenye gari, mnakwenda mbali kidogo, unafungua mlango. Mungu atamwona."

"Mungu alishamwona. Ndiyo maana akanipa mimi."

"Basi mwache kwa mdogo wako!"

Hapo kila aliyesikia alicheka. Mdogo wake Mama Pasi alikuwa seremala, mtu mpole mwenye mikono ya dhahabu, na watu wote walimwita Fundi tu. Baina yake na Mheshimiwa palikuwa na vita visivyo na mpatanishi. Siku ya kwanza kukutana, Fundi alijigonga kidole gumba kwa nyundo hatua moja kutoka kwenye pua ya mbwa, akatoa ukelele ambao mbwa aliuchukulia kuwa matusi ya nguoni. Tangu hapo, harufu ya vanishi ilipoingia mlangoni tu, Mheshimiwa alionyesha meno yote, hata yale ambayo mbwa wengine huyaweka kwa ajili ya wageni.

Kwa hiyo Mama Pasi akamfunga Mheshimiwa ukanda, wakaenda kwa daktari wa mifugo, dada mmoja kijana mwenye mikwaruzo ya paka mikononi.

"Nataka kuhama naye," Mama Pasi alisema. "Niambie kila kitu, usinifiche kwa sababu ya umri wangu."

Daktari akachukua mashine ndogo, akaipitisha shingoni kwa Mheshimiwa mara mbili. Mashine ikanyamaza.

"Hana kidude, mama. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, tunakiweka chini ya ngozi, kina namba yake. Huko unakokwenda, ndicho kinachowaambia kwamba mbwa huyu ndiye huyu."

"Mwekee. Chanjo zake zote ninazo."

"Ndiyo shida yenyewe. Chanjo aliyochomwa kabla ya kidude, kwao haihesabiki. Wataona ni kama alichanjwa mbwa mwingine. Inabidi tuanze moja. Kidude kwanza, halafu chanjo ya kichaa cha mbwa, tungoje, tupime damu, tungoje tena."

"Tutangoja kiasi gani?"

Daktari akamwambia. Mama Pasi akapiga hesabu kichwani, akaweka kungoja upande huu na tumbo la binti yake upande ule, akaona vinakutana mwishoni kabisa, vinagusana kwa ncha za vidole.

"Na nikitangulia mimi, nikamwacha kwako, akanifuata?"

"Inawezekana," daktari alisema. Aligeuza macho kwenye dirisha la nyuma, na Mama Pasi naye akageuka. Uani palikuwa na vibanda vya mbwa wa kulazwa. Mmoja mzee, mwenye mvi puani, alikuwa amekaa wima akitazama geti. "Wenyewe wa yule pia walisema hivyo, mama."

Mama Pasi akamshika Mheshimiwa shingo. "Mwekee kidude," alisema.

Jioni ile binti alipiga kelele kwenye simu mpaka kinyozi akazima redio yake ili asikose neno.

"Unachagua mbwa, unaacha mjukuu!"

"Mjukuu ana mama, ana baba, ana hospitali nzima unayofanya kazi wewe mwenyewe. Huyu ana mimi. Na nitafika kabla ya mtoto. Umewahi kusikia nimechelewesha nguo ya bwana harusi?"

"Mtoto si nguo, mama!"

"Ndiyo maana sitachelewa. Sasa nisikilize. Mwenye nyumba wenu anaruhusu mbwa?"

Binti akaanza kueleza habari za zamu zake.

"Hujamwuliza. Mwulize. Asipokubali nijue mapema, nisimburute kiumbe cha watu huku na huku kama begi."

Binti alimwuliza, kwa hasira, akitumaini atakataliwa. Mwenye nyumba akasema yeye mwenyewe ana watatu.

Likabaki sanduku la safari. Daktari alikuwa ameeleza wazi. Liwe imara, lipitishe hewa pande zote, na mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala humo bila kubanwa. Na azoeshwe mapema, siyo siku ya safari atupwe ndani kama kuku wa mnadani. Mama Pasi aliyapeleka maneno hayo kwa mdogo wake kama alivyoyapokea.

"Dada," Fundi alisema, mkono kifuani, "nitamtengenezea sanduku ambalo mabalozi watalitamani."

Alikuja kupima. Mheshimiwa akaonyesha meno. Fundi akarudi nyuma mpaka kwa kinyozi, akanyolewa bila kukusudia, akaenda zake. Kesho yake akaja na akili mpya. Alingoja mchana, mbwa akiwa amelala chali kwa joto, akaingia kwa ncha za vidole, akakunjua futi yake ya chuma taratibu sana, akapima kutoka pua hadi mkia, akapima upana, miguu ikiwa imetanuka, akapima kutoka sakafuni hadi juu ya mbavu, akaongeza kidogo kwa ajili ya hewa, akatoka jasho likimchuruzika.

Lazima hapa tumtetee. Fundi alitengeneza makabati na vitanda, lakini chakula cha nyumbani kwake kililetwa hasa na majeneza, na wateja wa majeneza wana ustaarabu mmoja: hawasimami. Kwa miaka mingi mikono yake ilizoea kumpima aliyelala, kuongeza kidogo, na kuondoka kimya kimya. Maneno ya dada yake kuhusu kusimama yaliingia sikio moja, yakakuta mkono umeshaanza kazi.

Sanduku lilipoletwa, jengo zima lilishuka kulitazama. Lilikuwa la mbao nyekundu, limepigwa vanishi mpaka unaona meno yako. Matundu ya hewa alikuwa ameyachonga kwa umbo la maua, pande zote nne. Juu palikuwa na taji la mchongo, na mlango wa wavu una kitasa cha shaba. Kinyozi alilizunguka mara mbili akatangaza kwamba kama sanduku lile lina dada, yeye yuko tayari kwenda kujitambulisha kwao.

Fundi alivimba kichwa kwa wiki nzima.

Kazi ya kumzoesha Mheshimiwa ikaanza, na hapo ndipo ungemwona Mama Pasi alivyo. Hakumsukuma hata mara moja. Kwanza aliung'oa mlango, akatandika ndani lile shuka lililoungua, akaliacha sanduku chini ya meza kama halimhusu mtu. Akaanza kumwekea chakula mlangoni pa sanduku, kisha ndani kidogo, kisha ndani kabisa. Harufu ya vanishi ilimtia mbwa mashaka, lakini harufu ya nyama ikashinda hoja. Baadaye mlango ukarudishwa. Ukafungwa kwa muda wa kupiga pasi shati moja, na Mama Pasi akiwa pale pale, akiimba vibaya. Halafu mashati mawili. Halafu fungu la sare za shule nzima. Mbwa alipolia, alimjibu. Aliponyamaza, alimfungulia.

Ikafika mahali Mheshimiwa anaingia mwenyewe. Aliinama, akatambaa kwa kifua, akajilaza, akapumua pumzi ndefu.

"Tazama adabu hiyo," kinyozi alisema. "Anaingia anasujudu."

Wote waliiona adabu. Hata Mama Pasi, aliyeweza kuona mkunjo wa kola kutoka upande wa pili wa barabara, aliona mbwa aliyetulia akashukuru. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mbwa mwenye miguu minne mizima anaingia kwake kwa kutambaa.

Siku ya safari walifika uwanja wa ndege asubuhi kweupe, na ndege ni ya jioni, kwa kuwa Mama Pasi hakuamini usafiri wowote ambao hauendeshi yeye. Fundi aliendesha pikapu yake, sanduku limelala nyuma juu ya plaiwudi aliyoitandika kulinda fanicha. Kinyozi alikuja kusindikiza, kwa sababu kubaki nyuma na kusimuliwa ni jambo ambalo asingeweza kulivumilia.

Ofisi ya mizigo ilikuwa nyuma ya uwanja, banda kubwa lenye sakafu ya saruji na mizani ya chuma. Karani alikuwa mwanamume mwembamba mwenye fulana ya kung'aa, sura yake haikuwa na tangazo lolote. Akapitisha mashine shingoni kwa Mheshimiwa. Ikalia. Akasoma hati, akageuza, akasoma tena, akagonga muhuri. Fundi akamkonyeza kinyozi. Mbwa akatambaa ndani ya sanduku lake, akalala.

"Msimamishe," karani alisema.

"Amelala, kaka. Ametulia," Fundi alisema.

"Naona. Msimamishe."

"Mheshimiwa," Mama Pasi akaita. "Simama."

Mheshimiwa akajaribu. Alikunjua miguu ya mbele, akainua mgongo, mgongo ukagonga dari. Akajaribu kichwa, shingo ikapinda upande. Yale masikio mawili yakalala bapa juu ya fuvu, na akabaki hivyo, miguu imekunjika nusu, akimtazama Mama Pasi kama mtu aliyekuja kuomba radhi kwa kosa asilolijua.

"Haendi," karani alisema.

"Hii ni mbao ngumu!" Fundi alisema. "Gusa hiyo vanishi. Nimeipaka mara tano!"

"Kabati zuri sana. Mbwa haendi ndani yake. Safari ndefu hii, ndugu yangu. Wewe ungekubali?"

Fundi akalitazama sanduku, akaitazama mikono yake, na sote tungeweza kumwona akirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye ule mchana na futi yake. "Nilimpima amelala," alisema polepole. "Dada, nilimpima kama… nilimpima kama wale wateja wangu wengine."

Kinyozi akaona nafasi. "Si alale tu! Mpe kidonge cha usingizi, akiamka yuko ng'ambo. Ninavyo hapa."

"Aliyepewa kidonge simpokei kabisa," karani alisema. "Wanakufa huko juu."

"Na daktari alishanikataza," Mama Pasi alisema. "Kirudishe mfukoni, umeze wewe."

Simu ikalia. Ilikuwa binti. Madaktari walikuwa wamemwambia ni wakati wowote kuanzia sasa. "Umeshaingia, mama? Niambie umeshaingia."

"Niko uwanjani," Mama Pasi alisema, sauti yake imekaa vizuri kama shati, na akakata kabla haijakunjika.

Fundi alimshika bega. Alikuwa karibu kulia. "Dada, wewe nenda. Mtoto anakuja. Mimi narudi na mbwa, natengeneza lingine, la kusimama, naapa. Nikimaliza nitamtumia mtu amlete."

Mama Pasi hakumtazama Fundi. Alimtazama Mheshimiwa, ambaye alikuwa ametoka kwenye sanduku bila kuambiwa, akaenda hadi mlango wa banda, akaketi. Uso wake ulikuwa barabarani, kule magari yanakoondokea. Lori moja lilipunguza mwendo. Mbwa akasimama. Lori likapita. Mbwa akaketi.

"Una zana kwenye gari?" Mama Pasi aliuliza.

"Zana? Sikuzote ninazo."

"Mizigo yako inafungwa saa ngapi, mwanangu?" akamgeukia karani.

"Mlango huo ukifungwa," karani alisema, akionyesha mlango mkubwa wa chuma. "Bado uko wazi. Mkirudi nitaangalia. Sipunguzi sharti hata moja."

"Sikukuomba upunguze." Akamgeukia mdogo wake. "Mpime. Safari hii akiwa amesimama."

Fundi alikunjua futi. Mheshimiwa aliisikia ile sauti ya chuma, akageuka, na meno yakaanza kutoka, moja moja, kama watu wanaojitokeza kushuhudia ugomvi. Mama Pasi akapiga magoti kwenye saruji. Akaweka kiganja kwenye paji la uso la mbwa, akakandamiza kidogo, kama anavyokandamiza kola.

"Simama, baba. Huyu ni mpumbavu wetu wenyewe."

Mbwa alinguruma toka tumboni, lakini alisimama. Fundi alisogea kwa magoti, akaweka ncha ya futi sakafuni, akaipandisha hadi mgongoni, hadi kichwani. Pua yake na pua ya Mheshimiwa zilikuwa karibu kama za watu wanaopeana siri.

"Na masikio pia?" alinong'ona.

"Na masikio. Ni yake."

Basi pale kwenye maegesho, juani, Fundi akaanza kuua kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Aliling'oa lile taji la mchongo, na ulipolia msumari naye alilia. Akaifungua dari. Akaitoa plaiwudi ya pikapu, yenye madoa ya gundi na mikwaruzo ya vitanda vya watu, akaikata kwa msumeno wa mkono. Akainua kuta pamoja na mlango. Akang'oa wavu wa chuma uliokinga kioo cha nyuma cha gari, akaufunga kuzunguka sehemu mpya. Kinyozi alikabidhiwa skrubu, akaziweka mdomoni ili mikono yake ishike mbao, na ikawa ndiyo mara ya kwanza mdomo ule kufanya kazi yenye faida. Mama Pasi alimtembeza Mheshimiwa, akamnywesha maji, akarudi, akauliza, "Bado?" akaenda tena.

Kilichotoka hapo hakikuwa sanduku. Chini kilikuwa ikulu na juu banda la kuku. Upande mmoja wa plaiwudi ulikuwa bado na namba ya simu ya mtu aliyewahi kuagiza kitanda. Fundi alirudi nyuma, akakitazama, akafumba macho.

"Nikifa," alisema, "msinizike na hilo."

Karani akatoka. Akalisukuma kwa mkono, akalipiga teke la wastani, akavuta wavu. "Aingie."

Mheshimiwa aliinama kama alivyozoea. Kisha akasita. Akainua kichwa. Hakukuwa na dari pale alipoitegemea. Akaingia kwa miguu yake minne, akageuka mzunguko mzima, akasimama anawatazama, masikio juu. Karani alipitisha mkono kati ya masikio na plaiwudi. Mkono ukapita, na nafasi ikabaki.

"Anakwenda," alisema. Alipokuwa akibandika karatasi ya MNYAMA HAI, alimtazama Mama Pasi kwa mara ya kwanza kama mtu. "Wengi wakifika hapo, mama, huwa wanatangulia."

"Najua," Mama Pasi alisema. "Nilimkuta ameachwa na mmoja wao."

Ndani ya ndege hakutaka kufunga mkanda mpaka ahakikishiwe. Alimwita mhudumu, binti mrembo mwenye kitambaa shingoni (kilichopigwa pasi vibaya, lakini hakusema). "Naomba umwulize rubani kama Mheshimiwa ameshapakiwa. Yuko chini, kwenye sanduku."

Mhudumu akashika moyo. "Pole sana, mama. Alikuwa nani wako?"

"Mbwa wangu. Na hajafa, anapumulia kwenye maua."

Mhudumu alikwenda, akarudi akijizuia kucheka. Mheshimiwa alikuwa amepakiwa. Ndipo mkanda ukafungwa.

Binti alimngoja ng'ambo, na tumbo lake lilitangulia kufika. Walikumbatiana kwa ubavu, maana mbele palikuwa na mtu. "Mtoto bado," binti alisema, akinuna na kulia kwa wakati mmoja. "Una bahati."

"Sina bahati. Nina saa. Twende tukamchukue."

Kwenye ofisi ya wanyama waliketi kwenye benchi, binti amekunja mikono juu ya tumbo, akiwa bado hajasamehe. Hatimaye mlango ukafunguka, mfanyakazi mmoja akasukuma kitoroli, na wenzake walikuwa wakimfuata ili wazidi kulitazama lile jengo lililokuwa juu yake.

"Mama," binti alisema, "nani ametengeneza hiyo takataka?"

"Mjomba wako."

"Mjomba *yule*?"

"Alikuwa na haraka."

"Amesimama tangu tumshushe," mfanyakazi alisema. "Tumempa maji, kanywa kasimama. Hataki kulala. Anaangalia tu mlango."

Mheshimiwa alikuwa amesimama, kweli, wima kabisa, masikio hayajagusa kitu. Mashine ikapita shingoni, ikalia. Mama Pasi akafungua kitasa cha shaba, na mbwa hakuruka wala hakubweka. Alitoka, akanusa viatu vyake, kimoja baada ya kingine, kama anakagua. Kisha pale pale sakafuni, mbele ya kila mtu, akajilaza na kufumba macho.

Binti alimtazama kwa muda mrefu. Kazini kwake alishaona wagonjwa wengi wakiangalia mlango hivyo. Akaikunjua mikono yake.

"Haya, twende," aliwaambia wote wawili. "Gari liko mbali, na mimi siwezi kumbeba mtu."

Mtoto alizaliwa wiki hiyo hiyo, wa kike, mwenye kelele. Nyumba ilikuwa ndogo na haikuwa na meza ya kupigia pasi, lakini lile sanduku, baada ya kuongezewa nafasi ya masikio, lilikuwa limefikia kimo kile kile ambacho kiuno cha Mama Pasi kilikizoea. Akalitandika blanketi juu, akanyunyiza maji kwa vidole, na nepi za mjukuu wake zikaanza kutoka zimenyooka kuliko hati za serikali. Chini yake, juu ya shuka lenye alama ya pasi, mlango ukiwa umeng'olewa, alilala Mheshimiwa.

Fundi hupiga simu kila Jumapili. Anauliza hali ya mtoto, anauliza hali ya dada yake, na siku hizi, akishusha sauti ili kinyozi asisikie, anauliza hata hali ya mbwa. Halafu anaomba tena, kwa unyenyekevu, kwamba sanduku lile lichomwe moto, au angalau lifunikwe wageni wakija.

"Lina kazi," Mama Pasi humjibu, na kurudisha pasi yake kwenye nepi.